Wizi Uitwao Kazi, na Kazi Iitwayo Mchezo

Mzazi wa Mudende akiambiwa na mwanawe kwamba ameamua kushuka mjini kutafuta riziki, swali lake la kwanza ni hili: huko utakula nini? Kijana akijibu kwamba atajifunza ufundi wa magari, au atapakia mizigo mpakani kati ya Gisenyi na Goma, mzazi atatulia, ijapokuwa kwa shingo upande. Lakini kijana akijibu kwamba anakwenda kuigiza jukwaani, yamkini nyumba nzima itaangua kicheko. Kicheko hicho kina hukumu ndani yake. Kinasema kwamba uigizaji si kazi, na kwamba atakayeushika hana budi kula kwa njia nyingine. Njia hiyo nyingine ni ipi? Hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo pamoja na wasomaji wetu.

Mudende ni sekta ya Wilaya ya Rubavu, magharibi ya Rwanda, chini ya safu ya milima ya volkano, mahali ambapo mkulima wa viazi anaijua baridi kuliko anavyolijua jukwaa. Hata hivyo, habari tunayoileta haiko mbali naye. Ni habari ya kijana wa shamba aliyependa kuigiza, akaenda mji mkuu, akajikuta ana kazi mbili: mchana jukwaani akiigiza jambazi, usiku barabarani akiwa jambazi kweli. Habari hiyo imesimuliwa katika filamu ya Kenya iitwayo Nairobi Half Life, iliyotoka mwaka 2012. Jina lake lina maana ya maisha nusu ya Nairobi, na mwenye kuitazama hakawii kutambua kwamba nusu moja ya maisha hayo ndiyo inayoilisha nyingine.

Filamu hiyo iliongozwa na David Tosh Gitonga, na miongoni mwa walioiandika ni Serah Mwihaki, Charles Matathia na Samuel Munene. Ilitayarishwa kwa ushirikiano wa kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi na One Fine Day Films ya Ujerumani, ambayo mwongozaji mashuhuri Tom Tykwer ni mmoja wa waanzilishi wake. Wahusika wake huzungumza Kiswahili, Kikuyu na Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi. Mwaka ule ule wa 2012 Joseph Wairimu, aliyeigiza kijana huyo, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban, Afrika ya Kusini. Aidha, ilikuwa filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

SAFARI YA MWAS

Kijana mwenyewe anaitwa Mwas. Kijijini kwao anauza filamu za mapigano, na ili kuwavuta wanunuzi huziigiza mwenyewe njiani: anarusha ngumi, anafyatua bunduki isiyoonekana, anakufa na kufufuka. Watu wanacheka. Siku moja kikundi cha waigizaji kutoka mjini kinafika kijijini, naye anaamini kwamba mlango umefunguka. Kabla hajapata nafasi yoyote anatakiwa kutoa fedha. Hivyo ndivyo anavyoonja sanaa kwa mara ya kwanza: mwenye kiu ndiye anayelipishwa kisima ambacho hajakiona.

Anafunga safari. Binamu yake, ambaye riziki zake mwenyewe hazina usafi, anampa mizigo ya kupeleka Nairobi. Siku ile ile ya kwanza anaporwa kila kitu, kisha anakamatwa na polisi na kutiwa mahabusu. Humo ndani anatwishwa kazi ya kusafisha choo ambacho hata wenyeji wake hawakisogelei. Watazamaji hucheka sana hapo, na wana haki ya kucheka, kwa sababu Mwas anaifanya kazi hiyo kwa moyo mkunjufu wa mtu aliyekabidhiwa nafasi kubwa katika tamthilia. Kwa ushujaa huo wa ajabu anapata rafiki, Oti, kiongozi wa kundi la vijana wanaoiba vipuri vya magari. Jiji lililompora mchana linampatia wenyeji wapya, nao ni wezi.

Tangu hapo maisha yake yanagawanyika. Anafanyiwa majaribio katika ukumbi wa kundi la Phoenix Players, anakubaliwa, anapewa nafasi katika mchezo. Nafasi yenyewe ni ya mwizi. Akitoka mazoezini anarudi kwa wenzake, na huko pia nafasi yake ni ya mwizi. Tofauti ni kwamba huko analipwa.

LUGHA YETU NA HUKUMU YAKE

Hapa inafaa tutue kidogo tuitazame lugha yetu wenyewe. Kwa Kiswahili tamthilia tunaiita mchezo wa kuigiza. Aliyekesha akikariri maneno mia kwa mia, aliyejifunza kulia bila msiba na kuzeeka bila miaka, tunasema yuko mchezoni. Kwa upande mwingine, wezi wa mjini wanapokwenda kuvunja mlango wa watu, huambiana kwamba wanakwenda kazini. Basi kazi inaitwa mchezo, na wizi unaitwa kazi. Hatudai kwamba maneno ndiyo yaliyoleta dhiki. Twasema tu kwamba maneno hayo yameshika picha ya mambo yalivyo: penye jasho halali watu hutoa makofi, na penye jasho haramu hutoka fedha.

Msomaji anaweza kusema kwamba hiyo ni ajali ya filamu, kwamba mtunzi aliziunganisha kazi mbili zisizohusiana ili apate kichekesho. La hasha. Kazi hizo zina ufundi unaofanana mno. Mwizi wa mfukoni stadi hafanyi kazi peke yake. Wa kwanza anajigonga kwa mpita njia kana kwamba ni bahati mbaya. Wa pili anaomba radhi kwa adabu nyingi. Wa tatu anachomoa. Wa nne anapokea na kuondoka polepole kama mtu asiye na haraka. Kila mmoja ana zamu yake, ishara yake na uso wake. Hayo yote ni mazoezi, na hapo wapo waigizaji, mavazi na mtazamaji mmoja ambaye hajui kwamba amelipa kiingilio.

Tofauti iko katika adhabu. Mwigizaji akikosa zamu yake huzomewa. Mwizi akikosa zamu yake huzingirwa na umati, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki tumeshuhudia jinsi umati huo unavyohukumu, kwa mawe na kwa moto, kabla mahakama haijafunguliwa. Kijana mwenye kipaji cha kujifanya mtu mwingine amesimama kati ya majukwaa hayo mawili, na mara nyingi la pili ndilo lililo karibu na njaa yake.

HESABU YA JUKWAA

Usione vyaelea, vimeundwa. Mtazamaji huona saa mbili za tamthilia, haoni majuma ya mazoezi yaliyotangulia. Kikundi kikitaka kuonyesha mchezo mjini hulipa kodi ya ukumbi, taa, mavazi, matangazo na usafiri. Mwisho, kikibaki kitu, waigizaji hugawana, na mazoezi aghalabu hayahesabiwi. Mwigizaji aliyetembea kwa miguu kwenda mazoezini mwezi mzima anaweza kupata kiasi kisichorudisha hata nauli ambayo hakuwa nayo. Ndiyo sababu waigizaji wengi wa jukwaa katika nchi zetu ni walimu, makarani, washereheshaji wa arusi au wafanyabiashara wadogo. Nchini Kenya vikundi vingi vimeishi kwa kuzunguka shuleni vikiigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa, kwa maana huko angalau watazamaji wana hakika na wanalipa, japo wengine wametumwa na mwalimu.

Hata kumbi zenye jina hazikusalimika. Phoenix Players, kundi lile lile linaloonekana katika filamu, lilianzishwa Nairobi katika miaka ya 1980 na James Falkland, na kwa miaka mingi lilikuwa na ukumbi wake katika jengo la Professional Centre. Vizazi vya waigizaji wa Kenya vilijifunza kusimama na kusema hapo. Kabla miaka ya 2010 haijamalizika, kundi hilo lilikuwa limeutoka ukumbi huo, likiwa limelemewa na gharama. Kwa hiyo anayeitazama filamu leo anaona jambo ambalo watengenezaji wake hawakulikusudia: mlango halali ambao Mwas aliubisha ukafunguka haupo tena pale ulipokuwa. Lakini barabara ambako vioo vya magari huibiwa ipo, wala haikufungwa kwa deni la kodi.

KICHEKO KINA MIPAKA

Kumcheka jambazi jukwaani si jambo geni duniani. Mwaka 1728 huko London, John Gay alionyesha tamthilia ya nyimbo iitwayo The Beggar's Opera, ambayo wahusika wake ni wezi, makahaba na mlinzi wa gereza anayekula nao. Wakubwa wa mji walicheka, kisha wakagundua kwamba wanachekwa wao. Miaka 200 baadaye, mwaka 1928, Bertolt Brecht na mtunzi wa muziki Kurt Weill waliitumia hadithi hiyo mjini Berlin katika The Threepenny Opera. Na mwaka 1977 Wole Soyinka aliileta Nigeria kwa jina la Opera Wonyosi, akiwalenga matajiri wa fedha za mafuta na watawala wa kijeshi wa wakati wake. Katika karne hizo zote swali halikubadilika: kati ya mwizi wa barabarani na mwizi wa ofisini, nani mwanafunzi na nani mwalimu?

Nairobi Half Life ni ya ukoo huo. Mwenye kuitazama kwa makini ataona kwamba mwizi wa kioo cha gari ni mdogo kuliko wote katika mnyororo mrefu. Yuko anayekinunua kioo hicho kwa bei ya kutupa. Yuko mwenye gari ambaye kesho atakwenda kukinunua tena, pengine kile kile chake, bila kuuliza kimetoka wapi. Na wako askari wanaojua kila kitu na wanaodai fungu lao. Katika mnyororo huo kila mtu anaigiza: mnunuzi anaigiza kutojua, askari anaigiza sheria, na Mwas peke yake ndiye anayekubali hadharani kwamba yeye ni mwigizaji.

Lakini kicheko kina mahali kinapokoma, na sisi wa nchi za Maziwa Makuu tunapajua zaidi ya wengi. Mudende yenyewe inapajua. Mwaka 1997 palikuwa na kambi ya wakimbizi waliotoka Kongo, nayo ilishambuliwa mara mbili, mwezi wa Agosti na mwezi wa Desemba, na mamia ya watu wakauawa. Mahali palipopitiwa na hayo, mtu hawezi kuichekea bunduki kwa wepesi, wala hatumwombi mtu yeyote aichekee. Tunapolitaja hilo hatulifananishi na wizi wa vipuri. Tunalitaja kwa sababu linatukumbusha sheria moja ya vichekesho vya uhalifu ambayo wajanja wa sinema husahau: kichekesho huishi maadamu aliyeanguka atainuka. Siku asipoinuka, mchezo umekwisha.

Waliotunga filamu hii wanaijua sheria hiyo. Nusu ya kwanza tunacheka. Kadiri wizi unavyokua, kutoka vioo hadi magari mazima, kicheko kinapungua, na inapofika zamu ya risasi hakuna anayecheka. Polisi wale wale waliokuwa wakila na kundi ndio wanaogeuka kulimaliza. Wenzake Mwas wanaanguka, nao hawainuki. Yeye ananusurika, na usiku huo anapaswa kusimama jukwaani, mbele ya watu waliovaa vizuri, aigize mwizi. Watazamaji walio ukumbini wanadhani wanaona ustadi. Sisi tunajua kwamba wanaona msiba.

JE, UMASKINI NI UDHURU?

Wako watakaouliza kama maneno haya hayamtetei mwizi. Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni kwamba hayamtetei. Siku za mwizi ni arobaini, na aliyeibiwa hana sababu ya kumhesabia mwizi shida zake. Mwas mwenyewe aliporwa kabla hajapora. Anajua uchungu wa kubaki mikono mitupu katika mji asiojua mtu, na bado akawatenda wengine vivyo hivyo. Filamu haimwosheni mikono, nasi hatutamwosha.

Kenya iko historia ya kweli inayotazamana na hadithi hii. John Kiriamiti alihukumiwa mwaka 1971 kwa unyang'anyi, na kitabu chake kuhusu maisha ya ujambazi, My Life in Crime, kilitoka mwaka 1984 na kikasomwa sana na vijana. Mwas alitoka katika sanaa akaingia katika uhalifu; Kiriamiti alitoka katika uhalifu akaingia katika uandishi. Njia ni moja, ila imepitwa kutoka upande mwingine. Hilo latuonyesha kwamba kipaji si mali ya wema wala ya uovu. Ni kama maji ya mlimani: yasipochimbiwa mfereji hayakosi njia, ila njia hiyo haichagui shamba la nani litakalobomolewa.

MFEREJI UPO

Kwa bahati njema, katika Rwanda tunao mfano wa mfereji uliochimbwa. Tangu mwaka 1999 mchezo wa redio uitwao Urunana umesikika ukizungumzia afya na maisha ya vijijini. Tangu mwaka 2004 umekuwapo pia Musekeweya, mchezo wa redio kuhusu vijiji viwili vilivyohasimiana na jinsi watu wa kawaida wanavyoweza kuikataa chuki. Michezo hiyo imefika mahali ambapo hakuna ukumbi wala pazia, hata kwa mkulima anayepalilia viazi huku redio ikining'inia kwenye mti. Kwa kuwa ilikuwa na wadhamini na ratiba, mwigizaji wake alijua siku ya kwenda kurekodi na aliichukulia sauti yake kuwa chombo cha kazi, kama jembe au randa.

Hatusemi kwamba kila kijana apendaye kuigiza atapata nafasi redioni. Twasema kwamba pale jamii ilipoamua kuuhesabu uigizaji kuwa kazi yenye faida kwa watu, fedha zilipatikana, waigizaji walipatikana, na wasikilizaji hawakukosekana. Vivyo hivyo yawezekana kwa udogo zaidi. Shule yenye chumba kikubwa inaweza kukitoa kwa kikundi cha vijana jioni moja kwa juma. Kiingilio kinaweza kuwa kidogo, lakini kiwepo, kwa maana kitu cha bure hudharauliwa hata na anayekipenda. Anayealika kikundi kutumbuiza kwenye sherehe au mkutano awalipe siku hiyo hiyo, asiwape soda na shukrani. Na viongozi wa vikundi, ambao baadhi yao huwatoza vijana fedha ili wawaingize katika sanaa, wajue kwamba mwizi wa kwanza kumkuta Mwas alimkuta kijijini, kabla hajapanda basi.

Kadhalika vijana wenyewe wana wajibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka jukwaa ajifunze kusoma tamthilia na kushika muda, ajifunze kuhesabu mapato na matumizi ya kikundi, na awe na ufundi wa pili wa halali utakaomweka mjini wakati kipaji chake kinakua. Kuwa na kazi mbili si aibu. Aibu ni ile kazi ya pili inapohitaji giza.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda, na katika Gisenyi kilisemwa sokoni na mpakani zamani kabla ya sheria hiyo. Hivyo kijana wa Mudende anaweza kuitazama filamu ya Nairobi akawasikia wahusika wake bila mkalimani, ijapokuwa Sheng itampiga chenga hapa na pale. Atacheka choo kinaposafishwa. Atanyamaza risasi zinapolia. Nasi tungependa wazazi wake wakae naye waitazame pamoja, kisha wamjibu swali ambalo filamu inawaachia watazamaji wote: tulipomwona kijana huyu akiigiza njiani, tukacheka na kwenda zetu, tulidhani angekula nini?